Maswali na Majibu: Kuchopoa Kurasa Chache Kutoka Katika Faili la PDF

Barua nyingi tunazopokea kuhusu mafaili ya PDF zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu ana hati ndefu, anahitaji kurasa chache tu, naye hajui azitoe vipi bila kuiharibu hati wala kumpelekea mwenzake zaidi ya alichokusudia. Tumechagua barua sita, tukazifupisha bila kugusa hoja zake, na kuzijibu kwa mfuatano unaomwezesha msomaji asiyejua lolote kuhusu jambo hili kufuatilia tangu mwanzo.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina ripoti ya kurasa 214 iliyo katika PDF, nami natakiwa kumtumia mkaguzi ukurasa wa 31 hadi wa 38 pamoja na jedwali lililo ukurasa wa 112, basi. Programu ninayosomea ni ya bure, na nimeipekua menyu yake yote nisione amri ya kutoa kurasa. Mwenzangu mmoja ofisini ananiambia nichapishe tu hadi kwenye PDF. Mwingine anasema njia hiyo inaharibu hati. Nimfuate yupi? – Mhasibu

JIBU: Wenzako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kazi tofauti, ijapokuwa matokeo yake yanafanana ukiyatazama kwenye kioo. Kuchapisha hadi kwenye PDF ni kuiamuru kompyuta ichore upya kila ukurasa ulioutaja, kama vile inaupeleka kwenye printa, kisha mchoro huo uhifadhiwe katika faili jipya. Kuchopoa ni kuzichukua kurasa zilivyo, pamoja na maandishi, fonti, picha na viungo vyake, na kuzihamishia katika faili jipya bila kuzichora upya.

Njia ya kuchapisha ndiyo inayotumiwa zaidi, kwa kuwa karibu kila kompyuta na simu janja inayo. Fungua hati kwa kivinjari, mathalani Chrome, Edge au Firefox, kisha bonyeza Ctrl na P kwa pamoja, au Command na P ikiwa unatumia Mac. Panapotajwa printa, chagua kuhifadhi kama PDF. Panapotajwa kurasa, ondoa chaguo la kurasa zote na uandike 31-38, 112. Kistari kinamaanisha "hadi", mkato unatenganisha mafungu. Kwenye Windows 10 na matoleo yaliyofuata kuna pia printa ya kubuni iitwayo Microsoft Print to PDF, inayofanya kazi na programu yoyote yenye amri ya kuchapisha, ikiwamo hiyo unayosomea wewe. Simu za Android nazo zinakuruhusu kuchagua kurasa na kuhifadhi kama PDF pale unapotoa amri ya kuchapisha.

Sasa tazama kinachopotea. Kwa kuwa printa haijui kiungo ni nini, viungo vya kubofya mara nyingi hubaki kuwa maandishi ya rangi yasiyokwenda popote. Alamisho za pembeni hutoweka. Sehemu za kujaza fomu huganda na kuwa picha ya kile kilichojazwa. Alama za ndani zinazoiwezesha programu ya kumsomea asiyeona kutofautisha kichwa cha habari na aya ya kawaida zinaweza kupotea pia, na hasara hiyo hugunduliwa na yule tu anayezihitaji. Kurasa zilizoskaniwa zina balaa lake la ziada: mara nyingi nyuma ya picha ya ukurasa huwa kumewekwa maandishi yasiyoonekana, yaliyotambuliwa na programu ili mtu aweze kutafuta neno au kunakili tarakimu, na tabaka hilo aghalabu halifiki upande wa pili wa uchapishaji. Mkaguzi wako atapokea jedwali linalosomeka vizuri kwa macho lakini asiloweza kunakili hata namba moja.

Jambo jingine ni kipimo. Ripoti iliyotayarishwa kwa karatasi ya A4, yaani milimita 210 kwa 297, ikipitishwa kwenye mpangilio wa karatasi ya Letter ya Marekani, ambayo ni milimita 216 kwa 279, kompyuta huupunguza ukurasa ili utoshee. Kwa barua ya kawaida si neno. Kwa ramani au mchoro wa jengo unaopimwa kwa rula, ni kosa kubwa. Kabla ya kuhifadhi, hakikisha ukubwa umewekwa asilimia 100 na karatasi ni ileile ya hati ya awali.

Kuchopoa kwenyewe kunahitaji programu inayojua kazi hiyo. Acrobat Reader ya bure ni ya kusomea. Amri ya kuchopoa imewekwa katika toleo la Acrobat la kulipia, ndiyo sababu umetafuta hadi ukachoka. Mwenye Mac hana haja ya kununua chochote, kwa kuwa programu ya Preview inayokuja na kompyuta inaonyesha kurasa zikiwa picha ndogondogo pembeni, na ukizichagua huku umeshikilia Command, ukaziburuta hadi kwenye eneo la mezani, faili jipya linazaliwa papo hapo. Kwa Windows na Linux, PDFsam Basic ni ya bure, na kazi yake hasa ni kugawanya, kuunganisha na kuchopoa: unampa faili, unaandika namba za kurasa, unaonyesha pa kuhifadhi.

Asiyeogopa kuandika amri kwa kibodi atapendezwa zaidi na qpdf, nayo ya bure, ambayo kwa kazi yako ingeandikwa hivi:

qpdf ripoti.pdf --pages . 31-38,112 -- dondoo.pdf

Nukta iliyo baada ya --pages inamaanisha "faili hilohilo nililolitaja", vistari viwili vilivyo peke yake vinafunga orodha ya kurasa, na jina la mwisho ni la faili jipya. Herufi z ikiwekwa mahali pa namba inasimama kwa ukurasa wa mwisho, kwa hiyo 112-z ni kuanzia ukurasa wa 112 hadi hati inapoishia. Faili la awali haliguswi.

Kwa mkaguzi, ambaye bila shaka atataka kunakili tarakimu na kuzijumlisha mwenyewe, mimi ningechopoa. Uchapishaji ningeuachia mtu anayetaka kusoma tu, na hali nyingine moja ambayo utaikuta katika jibu la tatu.

SWALI: Nilichopoa ukurasa wa 45 hadi wa 52 wa mwongozo wa mafunzo, lakini faili nililopata lina kurasa zilizoandikwa 33 hadi 40 chini yake. Nimerudia kwa programu nyingine, mambo yakawa yaleyale. Je, faili langu ni bovu? – Mkufunzi

JIBU: Faili ni zima. Mwongozo wako una kurasa 12 za mwanzo, yaani jalada, yaliyomo na dibaji, ambazo ama hazina namba ama zimepewa namba za Kirumi, na hesabu ya 1, 2, 3 imeanza baada yake. Programu ya kuchopoa haisomi kilichoandikwa chini ya ukurasa. Inahesabu kuanzia karatasi ya kwanza kabisa, jalada likiwa ni 1. Ukurasa ulioandikwa 45 kwa hesabu hiyo ni wa 57, nawe ulipaswa kuomba 57 hadi 64.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba PDF inaweza kubeba majina ya kurasa pamoja na nafasi zake, na baadhi ya programu za kusomea huonyesha yote mawili kwa pamoja, jina kwanza na nafasi kwenye mabano. Inayotakiwa na programu ya kuchopoa kwa kawaida ni ile nafasi. Ila usiishike tofauti ya 12 kwa kitabu kizima bila kuangalia: mwongozo wenye kurasa za picha zisizo na namba katikati utaibadilisha tofauti hiyo kila unapozipita. Fungua faili jipya, tazama ukurasa wake wa kwanza na wa mwisho, na ikiwa hiyo miwili ni sahihi na idadi imetimia, ya katikati haina wasiwasi.

SWALI: Nina kitabu cha maelezo ya mitambo chenye megabaiti 60. Nimechopoa kurasa 3 tu, na faili jipya lina megabaiti 54! Barua pepe yangu inakataa kiambatisho kinachozidi megabaiti 25. Kurasa tatu zinawezaje kuwa nzito hivyo? – Fundi

JIBU: Hapa inabidi kutazama ndani ya faili, kwa sababu mwonekano wa nje unadanganya. Mtu akiifikiria PDF kama rundo la karatasi zilizobanwa pamoja, hataelewa kwa nini karatasi tatu zina uzito wa rundo zima. PDF, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2008 kwa jina la ISO 32000-1, imejengwa kwa vipande vinavyojitegemea, kila kimoja na namba yake: kipande cha fonti, kipande cha picha, kipande cha maandishi ya ukurasa fulani. Mwishoni mwa faili kuna jedwali linaloeleza kila kipande kinaanzia wapi, mfano wa faharisi ya kitabu. Ukurasa wenyewe ni kipande kidogo tu, chenye vipimo vyake, marejeo ya maandishi yake, na orodha ya fonti na picha unazoweza kuzitumia.

Neno "unazoweza" ndilo lenye tatizo lako. Programu nyingine zinapotengeneza PDF haziandiki orodha ya kila ukurasa peke yake, bali huandika orodha moja yenye picha zote za kitabu, kisha kila ukurasa unaelekezwa kwenye orodha hiyohiyo. Ukichopoa ukurasa mmoja, programu ya kuchopoa inafuata marejeo kwa uaminifu: ukurasa unaitaja orodha, orodha inazitaja picha 300, basi picha 300 zinabebwa, ijapokuwa ukurasa huo unaonyesha moja tu au hauonyeshi hata moja.

Dawa ya kwanza ni kutumia programu inayochunguza ukurasa unatumia nini hasa na kuacha yaliyobaki. Katika qpdf amri ni hii:

qpdf kitabu.pdf --remove-unreferenced-resources=yes --pages . 14-16 -- sehemu.pdf

Ikishindikana, ndipo uchapishaji hadi kwenye PDF, nilioukosoa hapo juu, unapopata heshima yake, kwa kuwa printa huchora kinachoonekana na kukiacha kisichoonekana. Utapoteza viungo, lakini kwa kurasa tatu za mtambo huenda hukuvihitaji.

Kuna chanzo cha pili, nacho ni ikiwa hukuchopoa kwa maana halisi bali ulifungua kitabu kizima, ukafuta kurasa usizozitaka, kisha ukabonyeza kuhifadhi. PDF inaruhusu mabadiliko yaongezwe mwishoni mwa faili bila kuandika upya yaliyotangulia, na programu kadhaa hufanya hivyo ili zihifadhi kwa haraka. Kurasa ulizofuta zimeondolewa kwenye jedwali jipya tu. Vipande vyake bado vimo ndani ya faili, vinachukua nafasi ileile. Ukihifadhi kwa jina jipya badala ya juu ya faili lilelile, programu nyingi hulazimika kuandika faili upya na uzito hushuka.

Chanzo cha tatu ni kwamba kurasa zenyewe ni nzito kweli. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2,480 kwa 3,508, jumla yake karibu milioni 8.7, na kama ni wa rangi, kila pikseli inachukua baiti tatu. Kabla ya kubanwa hiyo ni takribani megabaiti 26 kwa ukurasa mmoja. Aliyeskani akibana kidogo sana, mzigo unabaki mkubwa. Kushusha hadi nukta 150 kunapunguza pikseli mpaka robo, nako kunafaa kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida, ila sikushauri ufanye hivyo kwa michoro ya mitambo yenye herufi ndogo.

Njia ya kutambua chanzo chako ni kipi ni kuchopoa ukurasa mmoja usio na picha yoyote. Ukiwa nao ni wa megabaiti 50 na ushei, picha zinabebwa bila kutumika. Ukiwa mwepesi, basi uzito umo katika kurasa zako tatu.

SWALI: Mkataba wetu ulisainiwa kwa sahihi ya kidijitali. Nilipochopoa kurasa mbili za viambatisho, programu haionyeshi tena alama ya kuthibitisha sahihi. Hati nyingine inafunguka vizuri lakini kila nikitaka kuchopoa inadai nywila. Nifanyeje? – Afisa ununuzi

JIBU: Sahihi ya kidijitali hukokotolewa kutokana na baiti za faili zima kama lilivyokuwa wakati wa kusaini. Faili lenye kurasa mbili ni faili jingine, na hakuna programu ya kuchopoa inayoweza kulihamishia uthibitisho ambao mtiaji sahihi hakuutoa kwake. Picha ya sahihi au muhuri inaweza kubaki ikionekana kwenye ukurasa, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mpokeaji asiyejua ataiamini picha hiyo ilhali haithibitishi chochote. Mtumie mkataba mzima umwelekeze kurasa za kusoma, au utume kurasa mbili ukiziita dondoo bayana, pamoja na faili kamili lililosainiwa.

Kuhusu nywila, PDF inaweza kuwekewa za aina mbili: ya kufungulia na ya kulinda ruhusa, kama vile kuchapisha, kunakili au kupanga upya kurasa. Hati yako ina hiyo ya pili pekee. Ipo mitandao inayojinadi kuiondoa kwa kubofya mara moja, lakini aliyeifunga hati ana sababu zake, na kwa kazi ya ofisi mimi nisingemshauri mtu azivuke kisirisiri. Muombe mwenye hati nywila, au akuchopolee mwenyewe. Kwake ni kazi ya dakika moja.

SWALI: Mimi ni katibu muhtasi. Natakiwa kumpelekea mgavi ukurasa wa 7 hadi wa 9 wa muhtasari wa kikao, na kurasa nyingine zina mishahara ya watu. Nimefuta kurasa zisizohusika, nikachora kisanduku cheusi juu ya mistari miwili ya ukurasa wa 8, na nikapata tovuti ya bure inayomaliza kazi yote kwa sekunde chache. Je, naweza kuwa na amani? – Katibu

JIBU: La, bado. Usitume faili hilo.

Anza na kisanduku cheusi, maana ndicho kinachowaponza watu wengi kuliko kurasa zenyewe. Kisanduku hicho ni mchoro uliowekwa juu ya maandishi. Maandishi yapo palepale chini yake. Mpokeaji akiuchagua mstari kwa kipanya, akanakili na kubandika kwingine, atasoma kila ulichofunika. Januari 2019 nchini Marekani, mawakili wa Paul Manafort waliwasilisha mahakamani hati ya PDF yenye mistari iliyowekwa weusi kwa namna hiyo, na waandishi wa habari wakaisoma kwa kunakili na kubandika tu. Kupunguza kingo za ukurasa ili sehemu isionekane nako ni vilevile: kinachobadilika ni dirisha la kutazamia, si kilichomo. Acrobat ya kulipia ina amri maalumu ya kufuta maandishi moja kwa moja chini ya weusi. Usipokuwa nayo, rudi kwenye hati ya awali ya Word, ondoa maneno yenyewe, weka "imeondolewa" mahali pake, kisha utengeneze PDF mpya. Njia ya kizamani ya kuchapisha kwenye karatasi, kufunika kwa wino mzito na kuskani nakala ya nakala hiyo ingali inafanya kazi, mradi uitazame karatasi kwenye mwanga kwanza.

Pili, kurasa ulizofuta. Nimeeleza katika jibu la tatu kwamba kuhifadhi kwa kuongeza mwishoni kunaziacha kurasa zilizofutwa ndani ya faili. Kwa fundi ilikuwa kero ya uzito. Kwako ni mishahara ya watu inayoweza kufufuliwa na yeyote mwenye ujuzi kidogo, kwa kulikata faili mahali mabadiliko yalipoanzia. Kwa hiyo, kwa hati ya siri, usifute usichotaka kutuma. Chopoa unachotaka kutuma na ukiweke katika faili jipya. Ni kazi mbili zenye matokeo yanayofanana kwa macho, na usalama wake haulingani hata kidogo.

Tatu, yale yasiyo ya ukurasa wowote. PDF hubeba kichwa cha hati, jina la aliyeiandika, tarehe, alamisho na wakati mwingine mafaili yaliyoambatishwa ndani yake. Ukichopoa kwa amri ya qpdf niliyoitoa mwanzo, taarifa hizo za hati nzima hubaki, na orodha ya alamisho inaweza kuendelea kuonyesha vichwa vya ajenda ambazo kurasa zake hazimo. Hebu fikiria mgavi anafungua kurasa zake tatu na pembeni anaona "Marekebisho ya mishahara" na "Kusitisha mkataba wa mgavi". Amri ifuatayo huanza na faili tupu, halafu inaleta kurasa peke yake:

qpdf --empty --pages muhtasari.pdf 7-9 -- kwa-mgavi.pdf

Ukiimaliza, fungua faili jipya na uchungulie sehemu ya sifa za hati, paneli ya alamisho na ya viambatisho. Kisha tafuta, kwa kisanduku cha kutafutia, jina moja au namba moja unayojua haitakiwi kuwamo. Kutafuta huku hakuoni vipande vilivyofutwa kwa njia ya kuongeza, wala maneno yaliyo ndani ya picha, kwa hiyo kunakamilisha uchopoaji salama na hakuchukui nafasi yake.

Nne, hiyo tovuti. Ili ikuchopolee kurasa tatu, lazima kwanza uipakie hati nzima kwenye seva za watu usiowajua, mishahara ikiwamo. Nyingi hueleza kwamba zinafuta mafaili baada ya muda fulani, na huenda ni kweli, lakini huna namna ya kuhakikisha. Kwa tangazo la hadharani au mwongozo unaopatikana kwa kila mtu, itumie bila hofu. Kwa muhtasari wa kikao, vyeti vya hospitali, taarifa za benki au mkataba, fanya kazi hiyo ndani ya kompyuta yako. Programu zote nilizozitaja hapa hufanya kazi hata intaneti ikiwa imekatwa.

Ikiwa faili lile umekwisha kulituma, mweleze mkuu wako leo, si baada ya mgavi kupiga simu.

SWALI: Nilimwambia mwenzangu anitumie ukurasa wa 20 hadi wa 25 wa hati ya Word tuliyoandika pamoja. Alizonitumia zinaanzia katikati ya aya ambayo kwangu iko ukurasa wa 19. Nani kakosea? – Mtafiti

JIBU: Hakuna. Hati ya Word haina kurasa zilizohifadhiwa ndani yake; ina maandishi na maelekezo ya mpangilio, na programu inayapanga upya kila inapofunguliwa. Kompyuta isiyo na fonti mliyoitumia huweka nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi, mistari inasogea, na ukurasa wa 20 wa huku unakuwa wa 19 na nusu wa kule. Tofauti ya karatasi, ya kingo au ya toleo la programu inaleta matokeo hayohayo. Vitabu vya EPUB vinasumbua zaidi, kwa kuwa humo ukurasa hubadilika kila msomaji anapokuza herufi.

Mkizungumzia sehemu ya hati ya Word, tajeni kichwa cha sura na maneno ya mwanzo na ya mwisho ya sehemu hiyo. Namba zikiwa za lazima, mmoja wenu aigeuze hati nzima kuwa PDF, wote mtumie hiyo, na kuanzia hapo ukurasa wa 20 ni uleule kwa kila mtu. Kama anayetuma ndiye mwenye mpangilio sahihi, anaweza pia kuchagua kurasa palepale anapohifadhi kama PDF: Word ina sehemu ya kuandika kuanzia ukurasa gani hadi upi ndani ya chaguo za kuhifadhi, na LibreOffice inayo katika dirisha la kusafirisha hati kuwa PDF. Kwa njia hiyo hakuna faili kubwa la kuchopoa, na viungo ndani ya kurasa hizo vinabaki vikifanya kazi.